Kuvu za kuua wadudu: soma ukoo, si jina la spishi tu

Ukiona jina la kuvu kama Beauveria bassiana au Metarhizium anisopliae kwenye lebo ya kiuatilifu cha kibiolojia, usiridhike haraka. Ndani ya spishi moja mna koo nyingi zenye vinasaba tofauti, na ukoo unaoangamiza vidukari huenda usiwafanye lolote fukusi. Ukoo hutambulishwa kwa herufi au namba, au vyote viwili, zinazofuata jina la spishi. Lebo isiyo nazo mimi huitilia shaka.

Tofauti huanzia kwenye ngozi ya mdudu. Kuvu hizi hazihitaji kuliwa: spora, yaani chembe ndogo za uzazi wa kuvu, hunasa mwilini, huota, kisha hupenya kwa mgandamizo na kwa vimeng'enya vinavyoyeyusha protini na kitini, kitu kigumu kinachojenga ngozi ya mdudu. Lakini mafuta ya ngozi hutofautiana kati ya mdudu na mdudu, na kuna kuvu zinazochagua. Metarhizium acridum imezoea nzige na panzi. Kwenye ngozi za wadudu wengine wengi spora zake haziendelei. Ndugu yake, Metarhizium robertsii, hushambulia wadudu wa makundi mengi. Kuchagua huko ni faida kwako, maana wadudu rafiki huponea.

Mdudu si hoja pekee. Nchini Kanada, watafiti waliona kuwa koo za Metarhizium zimegawanyika kufuata makazi kuliko kufuata mdudu: za msituni ziliweza kukua kwenye baridi, za mashambani zilistahimili joto na mionzi ya jua. Kwa hiyo, muulize muuzaji mambo mawili: ukoo huu umejaribiwa kwa mdudu gani, na katika joto la kiasi gani?

Nyunyizia jioni, kwani mionzi ya jua huua spora, na unyevu wa usiku huzisaidia kuota. Usichanganye na dawa ya ukungu. Wala usijaribu kuzalisha kuvu mwenyewe kizazi baada ya kizazi kwenye chakula cha maabara au nafaka, kwani ukoo unaokaa muda mrefu bila kukutana na mdudu mara nyingi hupoteza makali.

Usitarajie vifo siku ya pili. Kwa kawaida huchukua siku 4 hadi 10. Kusanya mizoga michache, iweke kwenye chombo chenye karatasi mbichi, ufunike. Baada ya siku kadhaa, utando mweupe huashiria Beauveria, na wa kijani Metarhizium. Mizoga ikioza bila utando, huenda kilichowaua ni kitu kingine.