Kutambua mpunga mwitu kwenye majaruba kabla haujatoa suke

Mpunga mwitu unaosumbua majaruba ya kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Magu hadi Misungwi na Sengerema, kitaalamu unaitwa Oryza longistaminata. Ni ndugu wa damu wa mpunga tunaokula, na shida inaanzia hapo: dawa ya magugu iliyotengenezwa iuache mpunga, na huu nao inauacha. Ukingoja suke litoke ndipo uutambue, umechelewa, kwa sababu punje zake hupukutika kabla ya mavuno na kujipanda zenyewe. Hatua nne za kwanza ni za kuutambua ukiwa bado majani matupu; ya tano ni ya kuthibitisha baadaye ukichanua.

Beba rula yenye milimita, wembe, lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, ndoo ya maji na sepetu. Chukua sepetu, acha jembe nyumbani. Sababu utaiona kwenye hatua ya nne. Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha usizitegemee kwa kazi hii hata kidogo, maana picha ya majani haionyeshi kilicho chini ya udongo. Vaa gambuti. Maji ya majaruba na ya mwambao wa ziwa yana konokono wa kichocho, na kazi hii inakuweka majini kwa muda mrefu.

Hatua ya 1: Tazama pale jani linapoachana na shina

Vuta jani taratibu nyuma, uone mahali bapa la jani linapokutana na ala inayozunguka shina. Jamii ya mpunga ina utando mweupe unaosimama hapo kama ulimi, na mara nyingi vimasikio viwili vyenye nywele pembeni. Echinochloa colona na Echinochloa crus-galli, yale magugu yanayojificha kwenye kitalu na kupandikizwa pamoja na miche, hayana ulimi wala masikio. Pako laini tu. Echinochloa pyramidalis, refu la kingo na mabwawa, lina safu ya nywele badala ya utando. Masikio yasikusumbue yakikosekana, kwa kuwa hunyauka jani likizeeka. Kinachoamua ni ulimi.

Hatua ya 2: Hakikisha si Leersia hexandra

Nyasi hili ndilo linalodanganya wengi kwa mbali, kwa sababu nalo ni la ukoo wa mpunga na linapenda maji yale yale. Pitisha kidole kwenye vifundo vya shina: Leersia ina duara la vinywele vyeupe kila kifundo. Shina lake ni jembamba, jani linakwaruza hadi kukata ngozi, na ulimi wake ni mfupi, milimita chache tu. Ukikuta hayo, huna haja ya kuendelea.

Hatua ya 3: Pima ulimi, lakini wa jani la chini

Watu hupima ulimi wa jani la juu kabisa, lile linalolinda suke, kwa kuwa ndilo liko karibu na mkono. Ulimi wa jani hilo ni mfupi kwa mpunga wowote, kwa hiyo kipimo chake hakikuambii kitu. Shuka hadi jani la pili au la tatu kutoka chini ambalo bado ni la kijani. Chana ala kwa wembe upande wa nyuma, ifungue, kisha pima kuanzia kwenye kiungo hadi nchani.

Oryza longistaminata ina ulimi wa milimita 15 hadi 45, uliochongoka na kupasuka katikati. Ndugu zake wawili wa porini wanaofanana nao wana ulimi mfupi: Oryza barthii hauzidi sana milimita 6, na Oryza punctata ni kati ya 3 na 10. Hao wote wawili huota kwa mbegu kila msimu, na namna ya kupambana nao ni tofauti kabisa.

Sasa angalia mtego. Mpunga wetu wa kawaida, Oryza sativa, nao una ulimi mrefu, hata milimita 20 au 30. Kwa hiyo ulimi mrefu unawaondoa barthii na punctata tu, haukuondolei mbegu zetu za kupandwa kama Supa na SARO 5. Anayekwambia kuwa ulimi mrefu maana yake ni mpunga mwitu atakufanya ung'oe mazao yako. Pima mashina matano, maana ulimi huchanika kwa upepo na ukikauka hubaki vipande.

Hatua ya 4: Fukua shina la chini

Hatua hii ndiyo inayotoa jibu, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Oryza longistaminata huishi miaka na miaka kwa mashina yanayotambaa chini ya udongo na kuchipua mimea mipya. Mpunga uliopandwa hauna mashina hayo. Ukiyakuta, yameungana na mmea wenye ulimi mrefu, umemaliza kazi.

Ugumu uko kwenye kuyapata. Udongo mweusi wa mbuga unashika kama gundi ukiwa na unyevu, na ukikauka unakuwa jiwe. Ukivuta mmea kwa mkono, shina la chini linakatika pale pale chini ya shina la juu, unabaki na kichaka chenye mizizi kama wa mpunga wa kawaida, nawe unaondoka ukiamini hakuna kitu. Ukitumia jembe, unakikata kile kile unachokitafuta, na kila kipande chenye jicho kinaweza kuchipua mmea mpya. Ndiyo maana ya sepetu.

Fanya hivi. Kama jaruba limekauka, mwaga maji usiku wa kuamkia kazi. Zamisha sepetu wima sentimita 30 kutoka kwenye mmea, pande zote nne, kina cha sentimita 25 hivi, halafu inua bonge zima. Usilitikise. Litumbukize kwenye ndoo, liache lilowe kwa nusu saa, kisha uondoe tope kwa vidole ukianzia nje kuja ndani. Hapa usiwe na haraka: ukipapasa kwa nguvu utakata muungano ambao ndio ushahidi wako.

Ukishasafisha, hakikisha ulichoshika ni shina, si mzizi mnene. Shina la chini lina vifundo, magamba makavu ya kahawia yanayolifunika, na kijicho kwenye kifundo, mara nyingi cheupe na kilichochongoka kama ncha ya sindano nene. Mzizi hauna kifundo wala gamba.

Yapo makosa manne ya kuangalia. La kwanza, shina la jirani. Kwenye bonge moja unaweza kukuta ndago, Leersia na mpunga vimesukana, kwa hiyo fuata shina kwa kidole hadi linapoingia kwenye mmea unaouchunguza. Ndago utaijua kwa viazi vyake vidogo vyeusi na shina la pembe tatu. La pili, shina lililolala. Maji yakijaa, mpunga wowote ukiangukia topeni unaweza kutoa mizizi kwenye vifundo, ukafanana na unaotambaa. Hilo lina mabaki ya ala za kijani na liko juu ya udongo. Shina la chini halisi liko ndani ya udongo na lina magamba. La tatu, mmea mchanga. Uliochipua kwa mbegu msimu huu unaweza kuwa bado haujatengeneza mashina ya chini, hivyo kutoyakuta kwenye mche si ushahidi wa lolote. Utie alama kwa kijiti, urudi baadaye. La nne ni machotara. Mpunga mwitu huu huchavushana na mpunga wetu, na watoto wao hutoka na sura ya katikati. Mmea wa namna hiyo usiulazimishie jina, andika ulichokiona.

(Udugu huo una faida pia. Jeni ya Xa21, inayokinga mpunga dhidi ya mnyauko wa majani unaoletwa na bakteria, ilitoka kwa Oryza longistaminata. Kwa hiyo tunaulaani jarubani tu. Mabwawani una kazi yake.)

Hatua ya 5: Thibitisha kwa ua na suke

Nenda asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, maua yakiwa wazi. Hesabu vifuko vya chavua: vikiwa sita, ni Oryza au Leersia, vikiwa vitatu, umeshika nyasi nyingine kama Echinochloa. Vya longistaminata ni virefu na vinaning'inia nje, ndiyo asili ya jina lake. Punje yake ina milimita 7 hadi 12 na ndevu ndefu. Ya Leersia ni milimita 3 hadi 5, bila yale makapi mawili madogo yaliyoko chini ya punje ya mpunga. Kisha fumbata suke lililokomaa bila kubana: punje za mpunga mwitu hubaki kiganjani, zikiwa na kovu laini pale zilipoachia.

Hatua ya 6: Sampuli

Ukitaka mtaalamu athibitishe, iwe kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru au hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, peleka mmea mzima pamoja na shina lake la chini. Ukunje kwa umbo la N kati ya magazeti, ubane kwa mbao, badilisha magazeti kila siku hadi ukauke. Andika tarehe, kijiji, kina cha maji na urefu wa mmea. Jani lenye ulimi lifungie kwenye bahasha yake peke yake, maana ndilo la kwanza kuharibika njiani.