Somo: Kuunganisha kompyuta za Windows za matawini na Zabbix

Wakuu, habari za kazi. Tuseme seva yako ya Zabbix (programu ya kufuatilia hali ya mashine) iko Kariakoo yenye anwani ya umma, na mashine za Windows ziko Mbagala na Tegeta nyuma ya rauta za laini ya simu. Seva haiwezi kuzifikia huko. Basi ajenti (programu ndogo inayokaa kwenye kila mashine na kutuma vipimo) ndiyo ije kupiga hodi kwa seva.

1. Kwenye seva fungua poti ya TCP 10051. Ile 10050 ni ya seva kuifuata ajenti, hapa haihitajiki.

2. Pakua Zabbix Agent 2 (MSI), toleo lisilozidi la seva. Kisakinishi kikiuliza, jaza anwani ya seva na jina la mashine.

3. Tengeneza folda C:\zabbix, kisha fungua zabbix_agent2.conf kwa Notepad kama msimamizi:

ServerActive=203.0.113.10
Hostname=MBAGALA-KAUNTA1
EnablePersistentBuffer=1
PersistentBufferFile=C:\zabbix\akiba.db
PersistentBufferPeriod=6h

Mistari mitatu ya mwisho ndiyo inayookoa data. Bando likiisha, vipimo vinatunzwa kwenye diski mpaka mtandao urudi, kwa hadi saa 6. Usipoweka muda, hutunzwa saa 1 tu, na sisi tunajua mtandao wetu.

4. Data inapita kwenye intaneti, kwa hiyo weka mistari ya ufunguo wa siri kwenye faili hilohilo: TLSConnect=psk, TLSPSKIdentity na TLSPSKFile. Nawasihi msiiruke hatua hii. Ufunguo uleule uingize kwenye seva.

5. Kwenye seva sajili mashine, chagua kiolezo (seti tayari ya vipimo) "Windows by Zabbix agent active", kisha anzisha upya huduma ya ajenti.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu, logi inasema "host [mbagala-kaunta1] not found". Poti iko wazi, nimepima kwa Test-NetConnection.

Jibu: Mtandao uko sawa, tatizo ni jina. Zabbix inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Tena linganisha na "Host name", si "Visible name" (jina la kuonyesha tu). Hapo wengi hunasa.

Mdau wa Tegeta: Duka likifungwa usiku napata tahadhari mfululizo. Nizizime?

Jibu: Hapana mkuu, ukizizima hutajua mashine ikizimika mchana. Weka kipindi cha matengenezo kinachojirudia kila siku, kuanzia saa za kufunga hadi kufungua, kwa kundi la mashine za dukani tu. Seva ya mauzo iache nje ya kundi hilo.