Jinsi ya kuomba dhahabu yako ipimwe na iuzwe sokoni, na hesabu ya kufanya kabla hujaondoka mwaloni (mahali pa kuchenjulia dhahabu)

Mchimbaji mdogo wa Nzega au Igunga, nchini Tanzania, anajua kufuata mwamba, kuendesha karasha (mashine ya kuvunja mawe) na kuchenjua. Pesa yake nyingi hupotea baadaye, mezani, pale mtu mwingine anapotaja karati (kipimo cha usafi, ambapo dhahabu tupu ni 24) na yeye anakubali kwa kuwa hana namba yake ya kuweka pembeni ya ile aliyotajiwa. Namba hiyo unaweza kuipata mwenyewe kwa mzani mdogo, glasi ya maji na uzi. Tuanze nayo, kisha twende sokoni.

Kwanza, kipande kiwe kimeyeyushwa. Dhahabu iliyotoka kwenye kigida (chombo cha kuchomea zebaki) ikiwa bado ni sponji ina matundu ndani yake na pengine masalia ya zebaki. Ukiipima kwa maji katika hali hiyo utapata jibu lisilo na maana, na mnunuzi atakupunja kwa haki kabisa. Iyeyushwe, ipoe, isuguliwe ikauke. Kuchoma zebaki kusifanyike jikoni wala karibu na watoto, kwa sababu mvuke wake hauonekani na unaharibu ubongo na figo.

Sasa pima. Chukua mzani wa kidijitali unaosoma hadi gramu 0.01. Weka kipande, andika uzito. Tuseme ni gramu 24.60. Kitoe, weka glasi ya maji safi juu ya mzani huohuo na uurudishe kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba wa nailoni, kishushe majini huku umeshika uzi, kizame chote bila kugusa chini wala ukingo wa glasi. Mzani utasoma, tuseme, 1.40. Hiyo ndiyo gramu ya maji yaliyosukumwa na kipande, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo, kipande chako kina ujazo wa sentimita za ujazo 1.40.

Gawanya 24.60 kwa 1.40. Jibu ni 17.57, na hiyo ndiyo densiti linganishi ya kipande: ni kizito mara 17.57 kuliko maji ya ujazo uleule. Dhahabu tupu ni 19.3. Fedha ni 10.5, shaba 8.96, risasi 11.3, chuma 7.87. Kwa hiyo kipande chako ni dhahabu iliyochanganyika na kitu chepesi zaidi, na katika dhahabu ya asili mchanganyiko huo kwa kawaida huwa ni fedha.

Kujua dhahabu tupu iliyomo ni kiasi gani, fanya hivi. Jifanye kipande chote kingekuwa fedha: 1.40 mara 10.5 ni gramu 14.70. Lakini kina gramu 24.60, yaani kimezidi kwa 9.90. Kila sentimita moja ya ujazo ambayo ni dhahabu badala ya fedha inaongeza 19.3 kutoa 10.5, ambayo ni 8.8. Gawanya 9.90 kwa 8.8, unapata 1.125. Huo ndio ujazo wa dhahabu. Uzidishe kwa 19.3: gramu 21.71. Fedha ni sentimita 0.275 zilizobaki, gramu 2.89. Jumlisha, inarudi 24.60. Usafi wa kipande ni 21.71 gawanya kwa 24.60, yaani asilimia 88.3, na ukizidisha kwa 24 unapata karati 21 na kidogo.

Hapa kuna jambo ambalo kila mchimbaji anatakiwa kulikazia macho: viputo vya hewa. Kipande kikiingia majini kikiwa na mafuta ya mkono au na uso wenye mikunjo, viputo vinanata pembeni. Navyo vinasukuma maji, na mzani unavihesabu kama sehemu ya kipande chako. Badala ya 1.40 tuseme unasoma 1.45. Hewa yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Rudia hesabu: dhahabu inashuka kutoka gramu 21.71 hadi 20.56. Gramu 1.15 zimepotea, na hakuna aliyeiba. Viputo siku zote humuumiza muuzaji, kamwe si mnunuzi. Kwa hiyo osha kipande kwa sabuni, suuza, kiloweshe kwanza kwenye maji mengine, kisha kukiwa majini kwenye glasi kitikise taratibu na ukiangalie kwa mwanga wa simu kutoka pembeni. Pima tena. Namba ikirudi ileile, iandike.

Mambo mengine yanayopotosha ni madogo kuliko hilo. Maji yakiwa ya vuguvugu, nyuzi 30 kwa mfano, huwa mepesi kidogo, na katika mfano wetu dhahabu halisi ingekuwa gramu 21.57. Mchanganyiko ukiwa shaba tupu badala ya fedha, hesabu ingetoa 22.50. Ndiyo maana namba yako uichukulie kama makadirio mazuri, si hukumu. Na kipande cha gramu mbili usikipime kwa njia hii kwa mzani wa 0.01: kosa la tarakimu moja ya mwisho linabadilisha dhahabu kwa gramu 0.23, ambayo kwa kipande kidogo hivyo ni zaidi ya sehemu ya kumi.

Sasa sokoni. Soko la kwanza la madini lilifunguliwa Geita Machi 2019, na tangu hapo dhahabu ya mchimbaji mdogo inatakiwa iuzwe kwenye soko au kituo cha ununuzi kinachosimamiwa na Tume ya Madini. Kuuza gesti au porini ni kosa, na mzigo unaweza kutaifishwa. Kama hujui kituo kilicho karibu nawe, uliza ofisi ya Afisa Madini Mkazi.

Beba leseni ya uchimbaji mdogo na kitambulisho cha taifa. Kama unachimba kwa mgawo kwenye eneo la mtu, mshirikishe mwenye leseni kabla ya kuondoka, maana swali la kwanza mezani litakuwa dhahabu imetoka wapi. Jiandikishe kwa afisa wa soko, kisha omba uzito upimwe mbele ya macho yako. Angalia mzani: unaotumika kibiashara unatakiwa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, na stika huonekana. Hakikisha unaanza kwenye sifuri.

Kisha usafi. Mara nyingi sokoni hutumika mashine ya mionzi, ambayo ni ya haraka na inakutajia kila metali kwa jina. Ila ijue tabia yake: inasoma ngozi ya kipande tu. Kipande ambacho hakikuchanganyika vizuri wakati wa kuyeyusha kinaweza kutoa jibu moja upande huu na jingine upande ule. Maji yanapima kipande chote, lakini nayo yana upofu wao, kwani tangsteni ina densiti ya 19.25 na haitofautiki na dhahabu. Njia mbili zikikubaliana, jibu lako linaaminika zaidi. Zikitofautiana kwa asilimia tatu au nne, usigombe. Sema tu: "Afisa, naomba isomwe tena upande wa pili na katikati, kisha tupime kwa maji. Mimi nilipata asilimia 88." Onyesha karatasi yako. Mtu mwenye hesabu iliyoandikwa husikilizwa kuliko mwenye sauti.

Mkikubaliana usafi, thamani inakokotolewa kwa bei ya siku. Ulizia bei elekezi ya Tume kabla ya kusikia bei ya broka. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yaliweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 6, na juu yake kuna ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na ushuru wa huduma wa halmashauri. Bajeti za karibuni zimekuwa zikibadili masharti, hasa kwa dhahabu inayoenda kwenye viwanda vya kusafisha, hivyo muulize afisa kiwango kinachotumika siku hiyo. Malipo ya serikali hupitia kontrol namba, si mkononi mwa mtu.

Kabla hujasaini, soma stakabadhi: uzito, usafi, bei kwa gramu, makato. Nyuma ya nakala yako andika uzito wa hewani, namba ya majini na densiti uliyopata, kisha iweke kwenye faili la leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo hudumu miaka 7, na ukienda kuihuisha, faili hilo ndilo litakaloonyesha kwamba eneo linafanya kazi.