SOMO: Kutafuta vigawo vya namba kubwa kwa kalamu na karatasi

“Namba hii ina vigawo vingapi?” Swali hili naulizwa karibu kila siku, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Tutumie 1,018,584.

Hatua ya 1. Toa 2 zote. Tarakimu tatu za mwisho, 584, zinagawanyika kwa 8, basi na namba nzima inagawanyika. Inabaki 127,323, witiri.

Hatua ya 2. Toa 3 zote. 1+2+7+3+2+3 = 18, kwa hiyo gawanya kwa 9. Inabaki 14,147.

Hatua ya 3. 5 haimo. 7 imo mara moja, inabaki 2,021.

Hatua ya 4. Someni hapa taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu. Nilijaribu 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote zikabakiza. Nikaandika kwamba 2,021 ni namba tasa, nikampa mtu jibu la vigawo 48. Kumbe kipeuo cha pili cha 2,021 ni 44 na ushee, na kabla ya 44 kulikuwa na 43 ambayo sikuigusa. 43 × 47 = 2,021. Jibu langu lilikuwa nusu ya jibu sahihi.

ANDIKA kipeuo cha pili pembeni kabla hujaanza, na usiache mpaka namba tasa unayojaribu ikipite. Namba ikiwa ni zao la namba mbili, haziwezi zote mbili kuzidi kipeuo hicho. Ile ndogo lazima uikute njiani. Kila ukitoa kigawo, kokotoa kipeuo upya kwa namba iliyobaki. Ukishikilia kile cha mwanzo utahangaika hadi 1,009 bure.

Hatua ya 5. 2³ × 3² × 7 × 43 × 47. Ongeza 1 kwenye kila kipeo, zidisha: 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = vigawo 96.

MASWALI

— Mkuu, 2,021 si tasa? Mimi nimejaribu mpaka 41.
— Hatua ya 4.

— Jumla ya tarakimu za namba yako ni 27. Kwa nini hukugawanya kwa 27?
— Kanuni hiyo ni ya 3 na 9 tu, kwa sababu 10, 100, 1,000 zote zikigawanywa kwa 9 hubakiza 1. Kwa 27, 10 inabakiza 10. Gawanya mwenyewe uone.

— Mwalimu, kuna njia ya kuiona 43 haraka?
— Ipo, na naipenda sana. Tafuta namba mraba iliyo juu kidogo: 45² = 2,025. Toa 2,021, inabaki 4, ambayo ni 2². Basi (45 − 2)(45 + 2) = 43 × 47. Inafaa vigawo vikikaribiana.

— Na vikiwa vimeachana sana?
— Hapo tafuta sharti la kuchuja. Mwanahisabati Fermat aliamini 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Kipeuo chake kinazidi 65,000. Lakini kila kigawo chake kikigawanywa kwa 64 lazima kibakize 1, kwa hiyo namba tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, 641... Ya tano inakubali: 641 × 6,700,417. Euler, mwanahisabati mwingine, aliipata mwaka 1732.

— Nifanyie 7,654,320 tafadhali, nina haraka.
— Anza na hatua ya 1. Ukikwama weka hapa ulipofika, nitaangalia.