Mnyama usiyemjua: soma mwili wake kabla ya kutafuta jina

Wanafunzi wangu huniletea wadudu na minyoo ndani ya chupa wakiuliza, "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Jibu langu ni lilelile: jina liweke kando kwanza. Ukianza na jina, macho yataishia kwenye rangi na ukubwa, na hayo hubadilika upesi hata kati ya wanyama wa ukoo mmoja. Mpangilio wa mwili ndio unaodumu.

Kwanza hakikisha ni mnyama kweli. Awe na seli nyingi zisizo na kuta ngumu kama za mimea, tena ategemee chakula kilichotengenezwa na viumbe wengine. Kutembea kusiwe kipimo chako: sifongo na matumbawe hukaa palepale utu uzima wao wote, nao ni wanyama kamili.

Sasa mchore, kisha mgawe kwa mstari. Ukipata mstari mmoja tu unaotoa nusu mbili zinazofanana, kulia na kushoto, tazamia kukuta kichwa: anayekwenda mbele hukutana na chakula na hatari kwa upande huohuo, kwa hiyo viungo vya fahamu hukusanyika huko. Konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama utelezi, hugawika kwa mistari kadhaa inayopita katikati. Sifongo wengi hawagawiki sawasawa kwa mstari wowote. Hesabu na matundu pia: konyeza analo moja la kuingizia chakula na kutolea mabaki, nyungunyungu ana mdomo na mkundu.

Hatua ninayoipenda kuliko zote ni kutafuta uzi mkuu wa neva. Mpasue panzi au nyungunyungu aliyekwisha kufa, utaukuta chini ya utumbo, upande wa tumbo. Kwa samaki au kuku umepita juu, mgongoni. Mwaka 1822 Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alieleza kwamba kambakoche akilazwa chali, viungo vyake hufuata mpangilio wa wanyama wenye uti wa mgongo. Alipingwa vikali. Katika miaka ya 1990 ikaonekana kwamba jeni zinazopanga mgongo na tumbo la nzi na la chura ni za asili moja, ila zimegeuziwa pande. Kila nikilifikiria jambo hili nashangaa upya.

Mwili wa mnyama aliyekomaa ukikutatiza, nenda kwenye kiinitete, yaani mnyama anapoanza kukua kutoka yai. Yai lililorutubishwa hugawanyika kuwa seli 2, 4, 8, mpaka liwe, kwa wanyama wengi, mpira wenye uwazi ndani. Kisha baadhi ya seli huzama ndani na kuacha tundu. Usiharakishe hapa, maana ndipo matabaka yanapopangika: la nje hutoa ngozi na neva, la kati misuli, damu na mifupa, la ndani ngozi laini ya utumbo pamoja na ini na mapafu. Konyeza hana lile la kati. Fuatilia na tundu lenyewe. Kwa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kama kwetu, upande wake huwa wa mkundu na mdomo hutoboka baadaye. Huyu mwenye mikono mitano ni jamaa yetu wa karibu kuliko pweza, ijapokuwa pweza ana macho yanayofanana sana na yetu. Tena lava wake, yaani mtoto atokaye kwenye yai, ana kulia na kushoto. Umbo la nyota huja baadaye.

Askidia, mnyama mwingine wa baharini, ni mfano mkali zaidi. Akikomaa ni kifuko kilichonata mwambani, kikivuta maji na kuyatoa, na zamani aliwekwa kundi moja na konokono. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky alionyesha kwamba lava wake ana mkia, uzi wa neva mgongoni na, chini yake, ule ufito laini wa kutegemeza mwili tulio nao sisi tukiwa viinitete: ni jamaa yetu, si wa konokono. Kwa hiyo ukikwama, tafuta mayai. Yaweke chini ya hadubini katika maji yaleyale yalimotoka, yakinge na joto la taa, na uchore kila hatua kabla hujafungua kitabu.