Jinsi ya kuchimba historia ya gazeti pendwa: mfano wa The Sun

Vijana wanaosomea uandishi wa habari hunitumia kazi zao kuhusu gazeti la The Sun la Uingereza, na karibu wote huanza na Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari anayelimiliki. Msianze naye. Anzeni na Daily Herald, gazeti la vyama vya wafanyakazi lililokuwa linazama. Septemba 15, 1964 nafasi yake ikachukuliwa na The Sun, ambalo bado lilikuwa na kurasa pana, na halikuuzika vizuri. Murdoch alilinunua mwaka 1969, na Novemba 17 likatoka kwa umbo dogo chini ya mhariri Larry Lamb. Mkiijua asili hiyo, mtaelewa uzito wa mwaka 1979, gazeti lenye mizizi ya wafanyakazi lilipomuunga mkono Margaret Thatcher, kiongozi wa chama cha Conservative, wapinzani wa chama cha wafanyakazi cha Labour.

Pili, tenganisheni mauzo na wasomaji. Nakala moja husomwa na mume, mke, kisha wenzao kazini wakati wa chai. Mauzo hukaguliwa na ABC, shirika la kukagua mauzo ya magazeti. Wasomaji walihesabiwa na National Readership Survey tangu 1956 kwa kuhoji watu, na kuanzia 2018 kazi hiyo ikashikwa na shirika la PAMCo. Nawasihi mwandike wazi ni hesabu ipi mnayotumia. The Sun lililipita gazeti pinzani la Daily Mirror kwa mauzo mwaka 1978, na katika miaka ya 1980 likauza zaidi ya nakala milioni 4 kwa siku. Mwaka 2020 liliacha kutangaza mauzo yake hadharani, kwa hiyo anayewapa takwimu ya baada ya hapo aulizwe ameitoa wapi.

Majigambo ya gazeti nayo si ushahidi. Aprili 1992, John Major wa Conservative aliposhinda uchaguzi mkuu, ukurasa wa mbele ulidai kwamba The Sun ndilo lililoleta ushindi. Linganisheni na utafiti wa wapiga kura kabla ya kuinakili kauli hiyo.

Hatua inayorukwa zaidi ni kuwatafuta wasiolisoma. Mimi naishi Liverpool, na hapa jambo hili lina makaburi. Aprili 15, 1989 mashabiki wa klabu ya soka ya Liverpool walikandamizwa katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Waliokufa sasa wanahesabiwa kuwa 97. Siku nne baadaye The Sun, chini ya mhariri Kelvin MacKenzie, liliwasingizia mashabiki kwamba waliwaibia na kuwakojolea watu katika msiba ule, na juu yake likaandika kwamba huo ndio ukweli. Jiji likaligomea. Ripoti ya jopo huru ya Septemba 2012 iliwasafisha mashabiki, gazeti likaomba radhi, lakini mpaka leo maduka mengi hapa hayaliuzi. Jedwali la mauzo ya taifa zima halitawaonyesha hasira hiyo. Kwa hiyo ulizeni wauza magazeti, mji kwa mji, na muwasikilize wafiwa kwa heshima. Msiwasukume wasimulie wasichotaka.

Mkipata nakala ya zamani maktabani, msipige picha ya kichwa cha habari peke yake. Chukueni ukurasa mzima: tarehe, bei, matangazo ya biashara, ratiba ya televisheni, mashindano ya zawadi. Matangazo hayo hueleza mwenye gazeti alidhani anazungumza na nani, na mfuko wa msomaji huyo ulikuwa na kiasi gani.