Kuhamisha Windows kutoka SSD ya GB 256 kwenda ya TB 1 bila kuipakia upya

Mwongozo huu ni wa laptopu ya Windows 10 au 11 yenye nafasi moja tu ya M.2 (tundu dogo la ndani la kuingizia SSD). SSD mpya, yaani diski ya kuhifadhia data, inakaa kwanza nje, kwenye kasha la USB. Unanakili humo diski yote ya zamani, kisha unaiingiza mpya mahali pake. Kunakili kwenyewe ni rahisi. Wengi hukwama kabla ya hapo, kwa kutoiandaa Windows, au baada ya hapo, wakikuta diski C imegoma kupanuka huku GB 700 zimekaa bure.

Vifaa

Usinunue SSD kabla ya kuifungua laptopu na kuitazama iliyomo. Iliyoandikwa 2280 ina upana wa mm 22 na urefu wa mm 80. Laptopu ndogo nyingi hutumia 2230, na ile ndefu haitaingia. Hakikisha pia kama ni NVMe au SATA, ambazo ni njia mbili tofauti za diski kuwasiliana na kompyuta. Zote mbili zinaweza kuwa na umbo la M.2, lakini kasha la NVMe halisomi SATA. Ongeza bisibisi ndogo ya msalaba na flashi moja yenye Ventoy (programu ya kuwashia kompyuta kwa faili za ISO), ambamo utaweka faili za ISO za Clonezilla, ya kunakili diski, na GParted Live, ya kupanga ukubwa wa patisheni, yaani vipande vya diski.

Nakala ya faili zako muhimu iwe mahali pa tatu, nje ya diski hizi mbili.

Hatua ya 1: Iandae Windows

Fungua Command Prompt kama msimamizi, kisha andika:

manage-bde -status C:

Ukiona diski imesimbwa (data imefungwa kwa ufunguo wa siri), andika manage-bde -off C: na usubiri hadi isome 0.0%. Usiseme "mimi sijawahi kuwasha BitLocker", yaani usimbaji wa Windows. Windows 11 toleo la 24H2 hujiwashia usimbaji yenyewe kwenye kompyuta nyingi ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Clonezilla haiwezi kusoma ndani ya diski iliyosimbwa, hivyo itanakili hata nafasi tupu, na GParted haitaweza kuipanua.

Kisha amri hizi tatu, moja moja:

powercfg /h off
reagentc /disable
chkdsk C: /f

Ya kwanza inazuia Windows kujizima nusu nusu. Bila hiyo Clonezilla itakataa kuigusa patisheni. Ya pili inaondoa mfumo wa uokoaji kwenye patisheni yake, kwa sababu tutaihamisha. Ya tatu itakuuliza. Jibu Y, washa upya, acha ikague, halafu zima kabisa.

Hatua ya 2: Nakili

Chomeka kasha kwenye tundu la USB 3, kwani kwenye USB 2 GB 180 zinaweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi. Chaja iwe imechomekwa na betri imejaa: umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Washa kompyuta kwa flashi (F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 kwenye HP). Flashi ikikataliwa, zima Secure Boot (ulinzi unaozuia mifumo isiyoidhinishwa kuwaka) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa muda.

Ndani ya Clonezilla chagua device-device, Beginner, halafu disk_to_local_disk. Hapa pumua. Chanzo ni nvme0n1, yenye GB 256. Lengwa ni sda au sdb, yenye GB 1000. Soma ukubwa, usitegemee jina peke yake, maana ukizigeuza utakuwa umeifuta Windows yako. Kwenye jedwali la patisheni acha -k0, inayoacha patisheni na ukubwa wake wa zamani. Ile -k1 hukuza kila patisheni kwa uwiano, hata ya uokoaji ambayo haihitaji nafasi hiyo.

Hatua ya 3: Badilisha diski

Chomoa chaja, kisha chomoa waya wa betri kwenye mazabodi. Ukifungua skrubu, SSD ya zamani itainuka yenyewe upande mmoja. Ivute ikiwa imeinama hivyo hivyo. Ingiza mpya kwa mwinamo huo, isukume hadi meno ya dhahabu yakaribie kupotea yote, ndipo uilaze na kufunga skrubu. Usikaze kwa nguvu. Kama ya zamani ilikuwa na pedi ya joto, ihamishe.

Washa huku ya zamani ikiwa nje. Nakala ina utambulisho ule ule wa diski, na Windows ikiziona zote mbili kwa pamoja huweza kuzima mojawapo.

Isipowaka, tafuta Windows Boot Manager kwenye BIOS uiweke ya kwanza. Ikiwa haipo, washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, bonyeza Shift+F10, andika diskpart (chombo cha Windows cha kusimamia diski), na kwa list volume tafuta patisheni ndogo ya FAT32. Ichague, ipe herufi kwa assign letter=S, toka, kisha andika:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Angalia kwanza kama Windows kweli iko C. Katika mazingira hayo herufi hubadilika.

Hatua ya 4: Panua diski C

Disk Management, chombo cha diski cha Windows, haitakusaidia, kwa sababu patisheni ya uokoaji imekaa katikati ya C na nafasi tupu, na Windows haiwezi kuisogeza. Washa GParted. Ikikuambia kwamba si nafasi yote ya diski inayotumika, bonyeza Fix. Chagua Resize/Move, isukume patisheni ya uokoaji hadi mwisho wa kulia, kisha panua C ijaze pengo. Bonyeza Apply na usubiri.

Windows itakagua diski mara ya kwanza ikiwaka, iache imalize. Diski nzima itasoma kama GB 931, nayo ni sahihi: Windows huhesabu kwa 1024.

Malizia kwa reagentc /enable na powercfg /h on, na urudishe Secure Boot. Ukiwasha BitLocker tena, hifadhi ufunguo mpya papo hapo. Ule wa zamani haufungui diski hii.